Je, Idi ni Pilau? Jawabu kwa Ndugu Zetu Walio Ugenini

Tumeletewa barua na kijana mmoja, mzaliwa wa pwani yetu hii, ambaye sasa yuko Uingereza kwa ajili ya masomo. Jina lake na jina la mji aliko hatutayataja, kwa kuwa shauri lenyewe si la mtu mmoja wala la mji mmoja. Muhtasari wa maneno yake ni huu.

Ilipokaribia Idi-ul-Fitri, watu wa pwani walioko katika mji ule walikutana wakashauriana kufanya karamu. Ikaamuliwa kukodi ukumbi, kununua mchele na nyama ya halali na bizari za kila namna, na kila mtu mzima atoe mchango wa fedha. Atakayetoa ataingia, na asiyetoa asije. Hapo likazuka neno. Kundi moja likasema kwamba karamu hiyo ni lazima, kwa kuwa Idi bila ya pilau ya kwetu si Idi, na watoto waliozaliwa huko watasahau asili yao. Kundi la pili likasema kwamba huo ni upuuzi na israfu, na wengine katika kundi hilo wakathubutu kuuita bid'a. Wao wakataka fedha hizo zipelekwe Lamu na Mombasa na Kwale wapewe maskini, na kila mtu akae kwake ale alicho nacho. Kijana wetu hakuwa na fedha za mchango, na haya ilimzuia kusema. Akaenda kusali, akarudi chumbani mwake, akala mkate na mayai peke yake, na siku ile hakuna aliyempa mkono wa Idi ila mzee mmoja wa Kibengali aliyesimama naye safu moja msikitini. Atuuliza: katika makundi mawili haya, ni lipi lenye haki?

Swali hili tumelizungumza katika darsa yetu kwa siku mbili. Siku ya kwanza tulidhani ni swali jepesi, la watu walioshiba. Siku ya pili tukaona kwamba latuhusu na sisi tulio nyumbani, na pengine latuhusu zaidi. Jawabu yetu kwa ufupi ni kwamba kila kundi limeshika kipande cha haki, na makundi yote mawili yamemsahau huyu aliyetuandikia. Sasa twataka kuieleza jawabu hii kwa urefu.

Kwanza hapana budi kutenga mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya, nayo ni dini na ada. Yaliyo ya dini katika siku ya Idi yajulikana, na si mengi. Ni kuleta takbiri, kutoa zakatul-fitri kabla ya sala, kuoga na kuvaa vizuri, kusali, kusikiliza hotuba, na kutofunga siku hiyo. Katika Idi-ul-Haji huongezeka kuchinja kwa mwenye uwezo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) siku ya Fitri alikuwa hatoki kwenda kusali mpaka ale tende kwa hesabu ya witiri, na siku ya Idi ya kuchinja hakuwa akila mpaka arudi. Basi kula siku ya Idi si jambo la pembeni, kwani sharia imeharimisha kabisa kufunga siku hiyo. Mwenyezi Mungu ametaka waja wake wale na wafurahi. Lakini wale nini? Hapo sharia imenyamaza, ila kwa kutaka kiwe halali na kisiwe na israfu.

Pilau, biriani, mkate wa sinia, kaimati, tambi za sukari, mahamri na mbaazi, yote haya ni ada. Na ada njema si bid'a. Bid'a iliyokatazwa ni kuzua jambo katika ibada na kulihesabu kuwa ni dini. Chungu hakiingii katika hukumu hiyo. Wanavyuoni wameweka kanuni kwamba asili ya ibada ni kuzuiliwa mpaka ipatikane dalili ya kuamriwa, na asili ya mambo ya kawaida, kama chakula na mavazi, ni kuruhusiwa mpaka ipatikane dalili ya kukatazwa. Basi wale wa kundi la pili walioita pilau bid'a wamelitumia neno zito mahali pasipo pake. Twawanasihi waache, kwa kuwa neno hili likitumiwa kwa kila kitu, siku litakapohitajika kwa jambo lake halitakuwa na nguvu tena.

Hata hivyo, na wa kundi la kwanza wana la kujibu. Mtu asemaye kwamba Idi bila ya pilau si Idi, ikiwa asema kwa mahaba tu, kama mtu asemavyo kuwa hajala mpaka ale wali, hana lawama. Lakini akiitakidi hivyo moyoni, akamwona mwenziwe aliyesali na kutoa zaka kuwa hakuidi kwa sababu alikula mkate na mayai, basi huyo ameitia ada katika dini, na hilo ndilo la kuogopwa. Kijana wetu ameidi. Sala yake ni sala, na takbiri zake ni takbiri. Asidanganywe na mtu kwamba Idi ilimpita.

Tena wanaojivunia pilau kuwa ndiyo asili yetu, yafaa waiangalie vizuri ndani ya sufuria. Mchele asili yake ni Asia. Neno lenyewe pilau limetujia kutoka upande wa Ajemi na Bara Hindi. Iliki na pilipili manga ni za kusini mwa Bara Hindi, na mdalasini ulio bora ni wa Sri Lanka. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na haikupandwa Unguja ila mwanzoni mwa karne ya 19. Viazi tuvitiavyo, na nyanya na pilipili za kachumbari, asili yake ni bara la Amerika, na upande wetu wa dunia haukuvijua kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kila kilichomo katika sufuria ile kilikuwa mgeni siku moja, kikapokewa, kikakaa na wenzake, hata leo twakiita chetu. Hatusemi haya ili kuipunguzia pilau heshima. Twasema ili ajuaye kwamba chakula chake kimeumbwa na wageni wengi aone haya kukifungia mlango kwa sababu ya ugeni wa mtu.

Sasa tuje kwenye hamu ya nyumbani. Wako wanaodhani kuwa Muislamu wa kweli hatakiwi kutamani nchi wala chakula cha nchi yake, kwa kuwa ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Maneno haya yana sura ya uchaji, lakini hayakubaliani na sira. Masahaba walipohama Maka kwenda Madina mwaka 622, Sayyidna Abubakar na Sayyidna Bilali walishikwa na homa. Imepokewa kwamba Bilali kila ilipomwachia homa alikuwa akiinua sauti na kuyataja mabonde ya Maka, na majani yaotayo huko, na maji ya huko, akitamani alale tena usiku mmoja katika mahali pale. Na huyo ndiye Bilali aliyelazwa juu ya mchanga wa moto katika mji huohuo wa Maka, akateswa kwa ajili ya imani yake. Bibi Aisha alipompasha Mtume (S.A.W.) habari zao, hakuwakemea wala hakuwaambia kuwa imani yao ni dhaifu. Alimuomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Maka au zaidi, na akamuomba aitie baraka katika vipimo vya chakula vya Madina. Mwenye akili na aizingatie dua hii. Hamu ya nyumbani haikulaaniwa. Iliombewa itulie katika nchi mpya, na chakula cha nchi mpya kikaombewa baraka.

Na iko hadithi nyingine iliyo karibu zaidi na mas'ala yetu. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa Bibi Maimuna, akaletewa nyama ya kuchoma ya mnyama wa jangwani aitwaye dhabbu, naye ni katika jamii ya mijusi. Alipojulishwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid akaivuta nyama ile akaila, na Mtume akimtazama. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ulimi una nchi yake, na hilo si aibu hata kwa mbora wa viumbe. La pili ni kwamba mapenzi ya ulimi hayakufanywa sharia kwa mwingine. Kila mmoja alibaki na ladha yake, na kitanga kikawa kimoja.

Kwa hivyo wale waliotaka kupika chakula cha kwao mbali na kwao hawakukosa kwa kutaka hivyo. Ajuaye baridi ya nchi zile, na siku ya Idi inayoangukia katikati ya juma la kazi huku jirani hana habari nayo, atafahamu ni faraja gani iliyomo katika harufu ya bizari na kitunguu kikikaangwa. Tena hoja yao juu ya watoto ni hoja nzito, na hatutaki kuipita kwa haraka. Mtoto aliyezaliwa ugenini hujifunza mengi jikoni kwa mama yake ambayo hakuna skuli itakayomfundisha, kama majina ya vitu, maneno ya adabu, namna ya kumkaribisha mtu na ya kumshukuru aliyepika. Tazameni jamaa walioondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Wengi wao walikwenda Omani, hasa baada ya mwaka 1970 Sultan Qaboos aliposhika utawala. Wengi katika hao walikuwa na nasaba ya Omani, na kwa karatasi walikuwa wamerudi kwao. Lakini mpaka leo katika nyumba nyingi za Maskati huzungumzwa Kiswahili na hupikwa chakula cha nazi. Jiko limehifadhi lugha. Hatuwezi kuwaambia walioko Uingereza au Kanada kwamba jambo kama hili ni upuuzi.

Basi kosa liko wapi? Kosa liko mlangoni. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikitaja kuwa ni chakula kibaya kabisa kile cha karamu ya harusi wanachoitiwa matajiri na kuachwa maskini. Hakusema kwamba nyama yake haikuiva, au kwamba mpishi alikosa. Ubaya wa chakula hicho hautoki jikoni, watoka katika orodha ya walioalikwa. Na ukumbi ule wa Uingereza, kwa masharti yale ya mchango, uliifanya orodha kwa fedha. Tunajua watatujibu kwamba ukumbi hukodiwa kwa fedha, na mchele haushuki kutoka mbinguni. Ni kweli. Hatusemi mchango usitolewe. Twasema mwenye nacho atoe, na asiye nacho aingie bila ya kuulizwa, na atoaye zaidi asijulikane. Wazee wetu walijua kufanya hivyo katika matanga na maulidi. Sahani ilipitishwa kwa kila aliyeketi, na hakuna aliyesimama mlangoni na daftari.

Hapa kuna jambo ambalo twaomba lizingatiwe sana na ndugu zetu walio ng'ambo. Sisi tumezoea kumjua maskini kwa nguo zake na bakuli lake. Katika miji ya ugenini maskini wa siku ya Idi mara nyingi hana dalili hiyo. Pengine ana chumba, ana mkate, ana koti la baridi. Alichokosa ni mtu. Ni mwanafunzi aliyemaliza posho yake, ni mkimbizi ambaye jamaa zake hajui waliko, ni mtu aliyesilimu mwaka jana ambaye wazazi wake hawali naye, ni mzee aliyefiwa na mkewe na watoto wako mbali. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Haji kwamba nyama ya kuchinja iliwe, na alishwe aliyekinai asiyeomba pamoja na yule aombaye. Asiyeomba ametajwa. Na ni nani asiyeomba kuliko kijana mwenye haya aliyefunga mlango wake akala mayai?

Na kundi la pili nalo lisidhani limeokoka. Kupeleka fedha nyumbani kwa maskini ni jambo jema, na thawabu zake ni kubwa, na sisi tulio huku tumeona wajane na mayatima waliokula Idi kwa fedha zilizotoka mbali. Lakini wao walitaka fedha ile iwe badala ya kukutana. Wangeituma, wangetulia nafsi zao, kisha kila mmoja angejifungia kwake. Sadaka ya mbali ina wepesi mmoja wa hatari, kwamba haitulazimishi kuutazama uso wa mtu. Mwaka mmoja walifika Madina watu wa jangwani wenye dhiki wakati wa Idi ya kuchinja, na Mtume (S.A.W.) akawakataza watu kuweka akiba ya nyama zaidi ya siku 3. Baadaye akawaruhusu kuweka, akaeleza kwamba aliwakataza kwa ajili ya wale waliokuwa wamefika. Hukumu ile iliwaangalia watu waliokuwapo mjini siku ile. Basi na kila aidiye mahali atazame kwanza ni nani aliyefika mahali pale.

Katika kuchinja kwenyewe iko dharura yake. Huko Uingereza sharia ya nchi haimruhusu mtu kuchinja kwa njia ya dini uani mwake; kazi hiyo hufanywa katika machinjio yenye idhini. Kwa hiyo wengi humwakilisha muuzaji nyama, au hutuma fedha ili wachinjiwe nyumbani. Kuwakilisha kwajuzu, na katika kuhamisha udh'hiya kutoka mji hata mji kuna maneno baina ya wanavyuoni, na hapa si mahali pa kuyaeleza. Twapenda kusema hili tu: mwenye uwezo na achinjiwe kule kwenye njaa, lakini asiache kununua ratili mbili za nyama akapika huko aliko akamwita mtu. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura hiyohiyo kwamba hazimfikii nyama wala damu, bali humfikia uchaji wetu. Na uchaji hauwezi kutumwa kwa hawala.

Wataulizana tena: na jirani asiye Muislamu? Twajibu kwamba imepokewa kuwa Abdallah bin Amr, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza mara kwa mara kama jirani yake Myahudi amepelekewa, akaukumbusha wasia wa Jibrili juu ya jirani. Na Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharri kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awakumbuke majirani. Tazameni rehema ya amri hii. Hakuambiwa azidishe nyama, ambayo pengine hanayo. Aliambiwa azidishe maji, ambayo hayamshindi mtu. Na katika nchi hiyohiyo ya Uingereza uko mfano wa kale. Mwaka 1889 Sheikh Abdullah Quilliam, wakili wa Kiingereza aliyesilimu, pamoja na wenziwe wachache, walifungua kituo cha Waislamu mjini Liverpool. Walikifungua siku ya Krismasi kwa kuwalisha watoto maskini wa mji. Walikuwa kikundi kidogo, na baadhi ya wenyeji waliwachukia na kuwashambulia. Lakini waliona kwamba njia ya mgeni kujulikana katika nchi ni kulisha. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mwenyeji ameshindwa kusema njoo, basi mgeni na aseme yeye.

Tumefikia mahali ambapo jawabu hii yawaacha walio Uingereza na kuwageukia wengine. Maelfu ya dada zetu wa Kenya wamekwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi majumbani. Wengi wao ni Waislamu, na wengi si Waislamu. Siku ya Idi wao nao wako ugenini, wamo katikati ya chakula kingi kuliko walichopata kukiona, na ndio waliokipika. Wameamka usiku, wamekoleza moto, wamepakua, wamepeleka. Kisha watu wa nyumba wakaketi, nao wakarudi jikoni. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alisema kuwa mtumishi akimletea mmoja wetu chakula, na amketishe pamoja naye, na asipomketisha, basi ampe japo tonge moja au mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeustahimili moto wake na taabu ya kukipika. Ni neno la wazi, halihitaji tafsiri. Nyumba inayoidi kwa mikono ya mtu asiyeketi naye haikutimiza haki ya chakula chake, ijapokuwa iko karibu na Maka.

Lakini tusiwanyooshee kidole watu wa Ghuba kwa furaha. Nani huosha masufuria Mombasa siku ya Idi? Katika nyumba zetu nyingi yuko msichana aliyetoka bara au aliyetoka vijijini huku pwani, naye hula ukoko jikoni, kwenye kigoda, baada ya watu kumaliza. Yuko mbali na kwao. Pengine ana sikukuu yake na chakula chake, na hakuna aliyepata kumuuliza. Ugeni hauanzi uwanja wa ndege. Wako wageni ndani ya nyumba zetu, na sisi ndio tunaolalamika kwamba vijana wetu hawakaribishwi London. Tena wako mama zetu na dada zetu ambao hawaioni sala ya Idi mwaka hata mwaka kwa sababu nyama haijaiva, ilhali Mtume (S.A.W.) aliamrisha wanawake watoke siku ya Idi, hata wasichana wa ndani, na hata walio katika udhuru wahudhurie kheri na dua. Ikiwa pilau yamzuia aliyeipika asiende Idi, basi ada imeikalia dini juu ya kifua. Na wako wakopao kwa ajili ya siku moja, wakalipa kwa miezi mitatu, kwa kuogopa maneno ya watu. Haya yote ni yetu sisi wa nyumbani, wala hayakuletwa na ugeni.

Huenda mtu akatupinga kwa hoja moja ya mwisho, nayo ni ya haki. Atasema: mama mwenye vyumba viwili na watoto wanne, katika mji wa baridi, baada ya kazi ya kutwa, mtamlazimisha afungue mlango kwa kila mpita njia? Na tukimkaribisha kila mtu, hiyo karamu ya kwetu itabaki ya kwetu, na hao watoto watasikia Kiswahili wapi? Twajibu kwamba hatumlazimishi mtu lisilowezekana, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Mtu mmoja atosha. Katika safu ya sala mtazame aliye kulia kwako na aliye kushoto, na ukimwona hana pa kwenda, mwambie twende. Ama hofu ya kupotea asili, sisi twaona kinyume chake. Mtoto akiuona mlango umefungwa na daftari liko mezani, atajifunza pilau tu. Akimwona baba yake amemketisha Mbengali na Msomali na mwanafunzi asiye na senti, na wote wakatia mikono katika sinia moja baada ya kusema bismillahi, huyo amejifunza ada ya pwani yenyewe, kwani wazee wetu ndivyo walivyokuwa wakila.

Kwa hivyo twampa kijana wetu, na wote wenye swali kama lake, nasaha hizi. Kwanza, mshike yale ya dini, zaka na takbiri na sala, wala msihuzunike kwamba mmekosa Idi kwa kukosa chakula. Pili, pikeni vya kwenu bila ya haya, kwa kiasi, wala msikubali kuambiwa kuwa ni bid'a. Tatu, michango iwe kwa hiari na kwa siri, na mlango uwe wazi. Nne, sadaka ya nyumbani iendelee, lakini isiwe udhuru wa kumkimbia jirani. Tano, aliyepika aketi na aliyeandaliwa. Na wewe kijana, tuna neno letu kwako peke yako. Yule mzee wa Kibengali aliyekupa mkono hukutueleza alikwenda kula wapi. Pengine na yeye alirudi chumbani mwake. Idi ijayo, ikiwa Mwenyezi Mungu amekupa uhai, usingoje kualikwa. Pika hayo mayai yawe manne badala ya mawili, ukamwite.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awatulize ndugu zetu walio mbali na kwao kama alivyowatuliza Muhajirina katika Madina, atie baraka katika vyakula vyao na vyetu, na atusamehe kwa kila aliyelala na ukiwa siku ya Idi karibu na milango yetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.